Niligawa mtandao wa ofisi kwa VLAN, Maman Béa na Papa Saleh wakaacha kusalimiana

Wakuu, nawasalimu kutoka Lubumbashi.

Huu si uzi wa kufundisha VLAN. Nyuzi za kufundisha zipo nyingi humu na wengi wenu mnanizidi. Nataka kuwasimulia kilichonikuta katika ofisi moja ndogo ninayoihudumia mambo ya kompyuta. Majina nimebadilisha na ofisi siitaji, ila yaliyobaki ni kama yalivyokuwa, chumvi sikuongeza.

Kiswahili changu ni cha huku Katanga, kimelelewa na Kifaransa. Nitajitahidi kuandika vizuri, ila watu wakizungumza nitawaacha wazungumze kama tunavyozungumza sisi. Humu niiteni Rama.

Jambo moja mlijue mapema, mimi ni mtu asiyetulia. Nikikaa kwenye kiti muda mrefu miguu inaanza kucheza yenyewe. Kama kuna kitu hakijakaa sawa kwenye mtandao, chakula hakipiti. Mke wangu anasema nimeoa switch.

Haya, twende.

Ofisi yenyewe ni ya forodha. Wanatengenezea watu karatasi za kutoa mizigo, malori yanayoingia kutoka Zambia kwa njia ya Mokambo. Wako kwenye nyumba ya kizamani, ile ya dari refu na korido ndefu. Chumba cha mbele wanakaa déclarants, yaani wale wanaojaza karatasi za forodha. Chumba cha nyuma kabisa, upande wa uani, ni comptabilité, watu wa hesabu. Katikati yuko patron, bosi mwenyewe, na nje ya mlango wake kuna benchi ambapo madereva wanasubiri huku wakila WiFi ya bure.

Comptabilité inaongozwa na Maman Béa. Ni mama mtu mzima, wazazi wake walitoka mkoa wa Kasai, yeye kazaliwa hapa hapa Lubumbashi. Ndiye aliyeniingiza kwenye ile ofisi, kwa sababu mama yangu ni fundi cherehani kule Kamalondo na amemshonea nguo tangu mimi sijaanza shule. Kwa hiyo kwangu Maman Béa si mteja tu. Akinikemea natulia, na wanaonijua wanajua hilo si jambo dogo.

Chumba cha mbele anaongoza Papa Saleh. Familia yake ni ya Maniema, Waislamu, kama yangu. Ni mtu wa maneno machache, kanzu yake ya Ijumaa ina mikunjo ya pasi mpaka unaogopa kumsogelea.

Hawa wawili ni marafiki wa siku nyingi. Zamani Papa Saleh kila asubuhi alikuwa anakwenda mpaka nyuma kumpa Maman Béa mkono, maana huku kwetu huanzi kazi hujasalimia ofisi nzima. Halafu zikaja dini mbili kwenye sahani moja, ugali wa mchana wanakula pamoja siku ambazo Papa Saleh hayuko safarini kufuata mizigo Mokambo.

Baadaye Maman Béa akaumwa goti, kutembea korido ikawa shida. Papa Saleh naye kazi ikamzidi, asubuhi madereva wanamkalia kichwani kabla hajavua koti. Salamu ikahamia kwenye simu ya mezani, ile ya ndani ya ofisi. Maman Béa ndiye anayepiga, yeye ndiye mkubwa na ndiye aliyejipangia hivyo.

Sasa shikeni hapa, maana uzi wote unaning'inia hapa.

Maman Béa anajuaje kwamba Papa Saleh ameshafika? Anafungua kompyuta yake, anabofya Réseau, lile dirisha la Windows linaloonyesha mashine zote zilizowashwa kwenye mtandao. Mashine zote nilizipa majina ya watu. Ikitokea PC-SALEH, basi Saleh ameketi mezani. Ananyanyua simu. "Saleh, jambo yako. Mulilala muzuri?" Isipotokea, anasubiri, hampigii mtu simu kwenye meza tupu.

Hilo mimi nilikuwa silijui. Nilikuwa nimeingia chumba kile mara nyingi sana, na sikuwahi kuuliza lile dirisha linafunguliwa la nini.

Tuendelee. Siku moja dereva aliyetoka Mokambo akamletea Papa Saleh flash, apige print karatasi zake. Papa Saleh akaichomeka. Ilikuwa na virusi. Kufika mchana mafaili ya comptabilité yote yamefungwa, hayafunguki, kwa sababu ofisi nzima ilikuwa mtandao mmoja. Madereva wa kwenye benchi, déclarants, hesabu, printer, wote chungu kimoja.

Nashukuru nilikuwa na backup kwenye diski iliyokaa kabatini haijaunganishwa na chochote. Tulirudisha karibu kila kitu. Ila patron aliogopa, na alikuwa na haki ya kuogopa. Akaniambia gawanya, sitaki tena ugonjwa wa mbele ufike nyuma.

Ndugu zangu, nilifurahi. Tangu zamani nilikuwa naomba switch ya maana, hatimaye ikanunuliwa.

Kwa wasiojua: VLAN ni kuichukua switch moja na kuigawa kwa ndani ili ifanye kazi kama switch kadhaa. Port hizi ni za hesabu, hizi za déclarants, hizi za wageni. Waya unaingia sanduku moja lakini mashine za kundi hili hazizioni za kundi lile, mpaka router iruhusu.

Nikaja Jumamosi ofisi ikiwa tupu. Nikafanya VLAN ya comptabilité, VLAN ya déclaration, VLAN ya wageni. Printer nikaipa yake, nikaandika sheria kwenye router kila kundi lifike kwenye printer na si kwingine. Na kwa sababu umeme wetu mnaujua, nikazima switch makusudi, nikawasha, kuona config imerudi kama nilivyoiandika. Ikarudi. Nikazima tena, nikawasha tena. Ikarudi tena.

Kugawa kwenyewe nilifuata vyumba. Waya zote za chumba cha nyuma VLAN moja, waya zote za chumba cha mbele VLAN nyingine. Ilikuwa rahisi na inapendeza kwenye mchoro.

Jumatatu nikapita, nikawaambia wote kwamba ni mpango wa kazi tu. Internet ipo, printer inatoa karatasi, patron anacheka. Nikaondoka na amani ambayo mimi huwa sina.

Amani ile haikudumu.

Jumatano nilipita kwa ajili ya kitu kidogo, nikaona ofisi imepooza. Sikuelewa ni nini. Nikatembea korido kwenda na kurudi, nikaangalia taa za switch, zinawaka vizuri. Nikapima mtandao, uko sawa. Lakini kitu kilikuwa kinanikuna.

Papa Saleh akanifuata mpaka kwenye kabati la switch, akajifanya anatazama waya. Halafu akasema polepole:

"Ile virus ilitoka kwa machine yangu, minajua. Lakini hata jambo, Rama? Hata jambo Maman Béa anakatala?"

Nikamuuliza ana maana gani. Akanieleza habari ya simu ya asubuhi. Tangu Jumatatu haijalia. Yeye alikuwa tayari ana aibu kwa sababu ya ile flash, akaona huyu mama ameamua kumwadhibu. Nilipomuuliza kwa nini asipige yeye, alinitazama kama nimemtukana. Mtu aliyekukosea anakupigia simu kukudai salamu? Alikaa akingoja.

Mimi bado sikuunganisha. Nikaenda nyuma kwa Maman Béa nikijua nitamkuta amenuna kwa sababu ya mafaili.

Nilimkuta ametulia kabisa, na hiyo ndiyo iliyonitia hofu. Jumatatu hakuona PC-SALEH, akadhani yuko Mokambo na wenzake wa mbele. Jumanne vile vile. Jumatano sentinelle, mlinzi wa getini, akamwambia kwa bahati tu kwamba Papa Saleh na wenzake wako mbele, hawajasafiri wiki nzima. Hapo ndipo akarudi kwenye kioo cha kompyuta yake na kukitazama upya.

"Rama, kuya hapa," akasema. "Soma banani beko humu. Soma na sauti."

Nikasoma waliomo, mmoja mmoja. PC-BEA. PC-KABEDI. PC-MBUYI. PC-NTUMBA.

Nilipofika jina la mwisho sauti ilikuwa imeshuka yenyewe. Wakuu, kwa asiyejua majina yetu: hao wote ni watu wa Kasai. Hakuna aliyepanga. Kazi mjini zinakwenda hivyo, mtu akipata nafasi anamwita anayemjua. Maman Béa aliwaita wa kanisani kwake, Papa Saleh akawaita wa mtaani kwake. Miaka yote wamekaa hivyo na hakuna aliyehesabu, kwa sababu kwenye lile dirisha walikuwa wote pamoja.

"Ni shiye tu tunabakia," akasema. "Kwa baba yangu njo vile ilianzaka. Balianza na meza."

Waliokuwepo Katanga miaka ile ya mwanzo wa tisini wanajua anachosema, na mimi sitaandika yote. Watu wa Kasai, wengine waliozaliwa hapa na wazazi waliozaliwa hapa, waliambiwa hapa si kwao. Wengi walipakiwa kwenye mabehewa. Baba yake alikuwa karani. Kabla ya yote, kabla ya kelele za barabarani, siku moja alifika kazini akakuta meza zimesogezwa, hawa huku, wale kule. Aliambiwa ni mpango wa kazi tu.

Nami ndiye niliyekuwa nimesema Jumatatu, kwa mdomo wangu, kwamba ni mpango wa kazi tu.

Nikaanza kumweleza. Kwamba mashine zinaitana ndani ya kundi lao tu, mwito hauvuki kwenda kundi lingine, ndiyo maana majina hayaonekani, lakini watu wapo. Nikachora kwenye karatasi. Nikazungumza haraka haraka, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikia ninavyosema vibaya, maana kila sentensi ilikuwa na neno kutenganisha. Tena nasema mimi, Rama mtoto wa Maniema, ninayeswali msikiti mmoja na Saleh.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema ameelewa. Halafu akasema atamaliza hesabu za mwisho wa mwezi na atamwambia patron atafute mtu mwingine, goti lake limechoka.

Goti, wakuu. Nikatoka moja kwa moja kwa patron.

Patron nilimkuta amekwisha kusikia. Nikamwomba turudishe mtandao kama zamani. Akakataa katakata. Akasema flash nyingine iko njiani kutoka Mokambo wakati huu tunaozungumza, na safari hii huenda hata diski ya kabatini isituokoe. Akaniambia nimrudishe Maman Béa bila kurudisha chungu kimoja, namna gani ni shauri yangu.

Nikapanda moto, yaani pikipiki, mpaka Kamalondo kwa mama. Mama alikuwa anakata kitambaa cha mtu, hakuacha mkasi. Nikamsimulia huku nazunguka kwenye kachumba kake mpaka akaniambia nikae, namtilia vumbi. Akaniuliza swali moja tu, kama nilimuuliza Béa kabla ya kukata. Nikamjibu kwamba ni mambo ya ufundi, angeniambia nini? Mama akageuza kitambaa. Akaendelea kukata.

Nililala vibaya. Asubuhi niko ofisini kabla ya sentinelle kunywa chai. Natembea korido, mbele, nyuma, mbele, nyuma. Nikasimama mbele ya switch nikizitazama zile port.

Mkiniruhusu nijitukane kidogo hapa. VLAN haina habari na ukuta. Hiyo ndiyo faida yake yote! Port ya chumba chochote unaweza kuipa kundi lolote. Mtu wa hesabu anaweza kukaa jikoni na bado yuko kwenye mtandao wa hesabu. Mimi ndiye niliyefuata vyumba, kwa sababu mchoro ulipendeza. Switch haikunilazimisha.

Nikaenda nyuma. Maman Béa ameshafika, Réseau limefunguka mbele yake, majina manne. Nikamwambia kwamba wanaotakiwa kutengana ni mashine, na kiti chake anaweza kukiweka chumba chochote cha nyumba hii na kazi yake ikabaki salama vile vile.

"Unasema minaweza ikala fasi yote?"

Nikasema popote.

Akanitazama. Nilijua ananipima, kama mtu anayejaribu noti kwenye mwanga.

"Basi uniweke kwa Saleh. Minataka nione."

Patron alishika kichwa. Hesabu za kampuni chumba cha mbele, madereva wanaingia na kutoka? Tukakubaliana kioo kielekee ukutani. Nafasi ikatoka kwa Kasongo, déclarant kijana mwenye meza ya pembeni, ambaye alikubali kwenda chumba cha nyuma bila kuombwa mara mbili. Baadaye nilijua ni kwa sababu kule wanapika chai.

Nikabadilisha port mbili. Ile ya mbele nikaiweka kundi la hesabu, ile ya Kasongo kule nyuma nikaiweka kundi la déclaration. Kazi ya muda mfupi kuliko kuisimulia. Nikabeba mashine ya Maman Béa mwenyewe, yeye akanifuata koridoni ameshika ukuta, na sikuthubutu kumpa mkono.

Papa Saleh hakuwa ameambiwa. Alipomwona mlangoni alisimama, akafuta kiti kwa kiganja, kiti ambacho hakikuwa na vumbi.

Maman Béa akaketi. Akangoja mashine iwake, akafungua Réseau. Majina yale yale manne. Saleh hayumo. Niliwaza, mjinga mimi, nimemleta huku kumwonyesha kitu kile kile.

Akageuza shingo. Papa Saleh amekaa pale, kiwiko kwa kiwiko.

"Saleh, jambo yako."

"Jambo, Maman. Mulilala muzuri?"

"Sikulala," akasema Maman Béa. "Usiku muzima sikulala."

Papa Saleh akasema na yeye vile vile. Ndipo wakaanza kuulizana, wewe ulidhani nini, na wewe ulidhani nini, na mimi nikatoka nje kwenda kusimama karibu na groupe, ile jenereta ya uani, inavyonguruma hakuna anayeweza kukusikia ukivuta kamasi.

Mwisho wa mwezi ulipita. Habari ya goti kuchoka haikurudi tena. Kabedi naye wiki iliyofuata aliomba meza mbele, na déclarant mwingine akahamia nyuma kwenye chai. Mchoro wangu sasa ni mbaya, rangi zimechanganyika chumba hadi chumba, fundi mwingine akiuona atasema nilikuwa nimelewa. Siusafishi.

Nilichojifunza ni kwamba mtandao wa ofisi una kazi mbili. Moja patron anaijua na ndiyo anayokuitia. Nyingine haijui mtu, kwa sababu wanaoifanya hawaioni kuwa ni kazi. Kabla ya kugawa, kaa na watu asubuhi moja, mikono mfukoni, tazama wanafungua nini na kwa nini. Kwa mtu kama mimi hiyo ni adhabu, kukaa bila kugusa kitu, lakini sasa nakaa. Na kwa mji wenye historia kama wetu, tazama pia nani atabaki na nani kwenye kile kioo.

Wataalamu, nina swali pia. Kuna njia safi ya kuruhusu majina ya mashine yaonekane kati ya VLAN mbili bila kufungulia njia mafaili na virusi? Nimesoma mambo kadhaa na kila moja linanitia wasiwasi. Na ninyi wengine, kama mliwahi kukata waya mkakuta mmekata kitu kingine, andikeni hapa chini, nitasoma yote.

Leo asubuhi nilipita kukagua. Maman Béa bado anafungua Réseau kila siku, kabla ya kitu chochote. Nimemwambia halina kazi tena, jina la Saleh halitatokea pale. Anasema anajua. Anayasoma majina yale manne mpaka mwisho, halafu anageuza shingo kutazama kama yupo.